Emiliana, mchoraji aliyempa Mama Maria mbeleko

Ni saa tatu asubuhi, na upepo wa Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma, umeshaanza vituko vyake. Emiliana Chidawali, mwenye umri wa miaka 46, amesimama juu ya jukwaa la miti ndani ya kanisa la kigango ambalo madirisha yake bado hayana vioo. Mkono mmoja umeshika brashi, mwingine umefunika kopo la rangi kwa pindo la khanga. Vumbi likiingia kwenye hii bluu, anasema, Mama Maria ataota chunusi.

Anacheka, lakini hana raha. Leo kamati ya kigango inakuja kuamua kama picha yake ibaki ukutani au ipakwe rangi nyeupe na kusahauliwa.

Kinachobishaniwa kinaonekana tangu mlangoni. Maria wa Emiliana ni mama wa Kigogo anayetoka shambani, na mtoto amembeba mgongoni kwa mbeleko. Weusi wake waumini wameumeza. Mtoto ndiye aliyekwama kooni. Katekista, Mzee Bartolomayo, amekwisha kutamka kwamba hajaona popote Mkombozi akiwapa waumini kisogo.

Emiliana anaishi Kikuyu, mtaa wa Dodoma mjini, na kazi yake ya kila siku ni vibao vya maduka. Alifundishwa na mjomba wake tangu akiwa binti. Vichwa vya wanawake waliosukwa vizuri kuliko nywele za kweli, kuku wa kuchoma, matairi: hayo ndiyo yanayomweka mjini. Kibao cha saluni, anakiri, humlipa vizuri kuliko mtakatifu yeyote.

Watakatifu alikuwa akiwanakili kutoka kwenye kalenda. Kisha mwaka jana parokia rafiki ya Italia ikaalika wageni wachache kutoka Dodoma, naye akawamo. Sista Ursula, mtawa Mtanzania anayesoma huko, akampeleka Florence kwenye jumba la kale la makumbusho, lenye picha zilizochorwa zaidi ya miaka mia tano iliyopita.

Emiliana alidhani ataona picha tu. Alipofika mlango wa chumba kimoja akamwona Maria amempakata mtoto, akasimama. "Hodi ilinitoka yenyewe," anasimulia. "Unaingiaje kwa mama mwenye mtoto mchanga bila hodi?"

Kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha, alijikaribisha. Akavua viatu, akapiga magoti, akasema shikamoo Mama, kisha akaanza Salamu Maria. Watalii wakampisha. Mlinzi, mama wa makamo mwenye funguo kiunoni, akaja hadi ubavuni pake.

"Nilijua nimeharibu. Nikasema moyoni, leo Wagogo tunafukuzwa Ulaya," anasema. Lakini mlinzi alingoja amalize, akamshika mkono kumwinua, kisha akainama akamwokotea viatu. Alipofika hapa katika simulizi, Emiliana aliweka brashi chini, na mimi nikajifanya natazama dirishani.

Mlinzi alisema jambo, na Sista Ursula akatafsiri: watu wa pale husimulia kwamba mwanamke yule wa kwenye picha alikuwa jirani wa mchoraji, na hata mtoto alikuwa wa mtaa uleule. Usiku ule Emiliana hakulala vizuri. Aliwaza miaka yote aliyokuwa akichora jirani wa mtu mwingine.

"Nikasema nikirudi, namchora wa kwetu. Na wa kwetu akitoka shamba, mtoto anakaa wapi? Mgongoni," anasema.

Saa tano kamati inaingia. Wanawake waliokuja kufanya usafi wanaegemeza mifagio ukutani nao wanasogea. Mzee Bartolomayo anaeleza kwa upole, maana si mtu mbaya, kwamba kazi ni nzuri ila watu wanahitaji kuuona uso wa Bwana wanaposali. Emiliana anashuka na kusimama kando, mikono nyuma.

Bibi Lea ndiye mkubwa kuliko wote mle ndani. Anausogelea ukuta hadi pua inakaribia kugusa rangi.

"Mtoto huyu kafungwa na nani?" anauliza.

Emiliana anajibu kwa sauti ndogo kwamba ni yeye.

"Mbeleko umeipitisha chini ya makwapa. Huyu bado mchanga, shingo haijakaza. Ipandishe mpaka shingoni, mikono iingie ndani. Ukimwacha hivi ataanguka."

Mwingine anasema hata fundo limekaa upande si wake. Wa tatu anamtoa mwanawe mgongoni, anamfunga upya mbele ya watu wote ili mchoraji aone. Kwa muda hakuna anayeikumbuka rangi nyeupe. Mzee Bartolomayo anatazama fundo, anatazama ukuta, anakohoa.

"Basi na kichwa mlaze shavu huku kwetu," anasema. "Tumwone uso."

Emiliana anageukia ukuta, anajifuta macho kwa khanga iliyojaa rangi na kubaki na doa la bluu shavuni. Anapanga kumaliza kabla ya Krismasi, kisha aombe ukuta mwingine, popote watakapompa. Lakini kwanza ni mbeleko. Anataka siku ya Krismasi Bibi Lea aweze kufumba macho na kusali, bila kumhofia mtoto.