Mama wa Majaketi

Mama wa majaketi hushinda ufukweni, akimfunga jaketi la kuokolea kila anayepanda lile boya refu la kuvutwa na boti. Akishafunga, hulivuta juu kwa nguvu mpaka visigino vya mtu vinyanyuke, kisha husema, "Nenda, mwanangu," hata kwa mwenye mvi. Jana alikuja baba mmoja mnene na binti zake wawili. Jaketi likagoma kufunga kifuani. Mabinti wakacheka, baba akatahayari.

"Niache tu, mama. Mimi kuogelea najua."

Nahodha wa boti akapiga honi kuwahimiza. "Piga mpaka ichoke!" mama akamjibu, kisha akamwambia yule baba kwa sauti ya chini, "Si wewe, ni chumvi. Imeyasinyaza majaketi haya." Akafungua mikanda ya jaketi jingine, akaiunga na ya lile la baba, akapiga goti mchangani kuifunga, taratibu, kama anayemvisha bwana harusi.

Boti ikawavuta wote watatu; mbele kule boya likapinduliwa, maana ndiyo raha yake. Mama akasimama wima, kiganja kwenye paji la uso. Yule baba akaibuka anaelea, anacheka kwa sauti, mabinti wakimng'ang'ania mabegani. Hapo mama akashusha pumzi.