Tanuru Tuliloambiwa ni Kichuguu

Nilikua nikiamini kwamba mnara wa udongo uliosimama katika shamba letu la Mollo ni kichuguu. Baba ndiye aliyetuambia hivyo. Alikuwa katekista, mtu asiyesema uongo hata kwa utani, kwa hiyo hakuna kati yetu aliyeuliza zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa tena, nilikuwa nafundisha shule ya msingi Sumbawanga mjini. Maduka yaliyokuwa matupu yalikuwa yamejaa tena sabuni za kunukia, redio na majembe ya ng'ambo. Baba nguvu zilikuwa zimempungua, akamkodishia shamba mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kwetu na familia yake.

Jumamosi moja nilikwenda kumsalimia Baba, mfugaji yule naye akaja. Akamwamkia, akaketi, akaeleza kwamba analima kwa plau na kile kichuguu kinawazuia ng'ombe kugeuka. Aliomba ruhusa ya kukibomoa.

Baba alichukua fimbo yake akatuongoza hadi shambani. Nilidhani anakwenda kumwonyesha pa kuanzia. Alipofika aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo.

"Hiki si kichuguu," akasema. "Ni ilungu, tanuru la kuyeyushia chuma. Alilijenga baba yangu na ndugu zake."

Mfugaji akavua kofia. Darasani nilikuwa nikisimulia habari za wahunzi wa kale kana kwamba ni watu wa nchi ya mbali, kumbe nasimulia habari za babu yangu.

Baba akaeleza jinsi walivyochimba mawe, wakachoma mkaa, wakalijaza tanuru hadi juu. Hakuna aliyepuliza kwa mivukuto. Matundu ya chini yalivuta upepo yenyewe na moto ukanguruma hadi ukasikika vijiji vya jirani. Nikamuuliza kwa nini alituficha. Alisema shule ya misheni iliwafundisha kuwa ni kazi ya shetani, kwa sababu ya dawa zilizofukiwa chini yake. Kisha majembe ya dukani yakaja na wahunzi wakatawanyika.

"Niliona aibu, mwanangu. Baadaye nikaizoea."

Akanitazama kidogo. "Zamani mwanamke hakusogea hapa. Ingia. Moto umeshazimika."

Niliinama nikapenya kwenye mlango wake mfupi. Ukuta wa ndani ulikuwa umeungua hadi kung'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Upepo uliingia kwenye matundu, ukanigusa vifundo vya miguu, ukapanda mwilini na kutokea juu, kwenye duara la mbingu. Hakuna aliyeupuliza. Nilitaka kusali, nikashindwa kujua nianze vipi, mwishowe nikafanya ishara ya msalaba. Baba aliniona kupitia mlangoni, hakunikataza.

Mfugaji alilima akilizunguka tanuru. Muhula uliofuata nilileta darasa langu, na Baba akawasimulia watoto mwenyewe, Kiswahili kikimwishia anaendelea kwa Kifipa. Jumapili alisalisha kama kawaida.

Kiangazi kilipofika yeye na yule mfugaji walikanda udongo, wakaziba ufa uliokuwa umeanza upande wa mashariki.