Gari Lililotetemeka

Jumanne, Julai, ukungu mzito. Nimeona gari kuukuu likishtuka-shtuka, nikakumbuka la baba. Utotoni nilidhani linatetemeka kwa baridi kama mimi. Baba alimshuku fundi Wachira, aliyelibadilishia plagi, vile viwashio vya injini.

“Umeniibia plagi mpya! Twende polisi.”

“Ati mwizi, Baba Wanjiru? Haya, washa twende.”

Tulipanda sote. Baba alivuta choki, kile kifungo cha kusaidia injini baridi, petroli ikanuka, tukaondoka vizuri. Cucu, mama yake baba, alikaa mbele. Akanyoosha mkono, akakisukuma kifungo ndani kabla injini haijapata joto. Gari likaanza kuruka.

“Kila siku unakiacha nje,” alisema, “nami nakurudishia.”

Labda hata plagi zilikuwa mbaya, sijui. Polisi hatukufika. Baba hakuomba msamaha, lakini jioni tulikula githeri, mahindi na maharagwe, na yeye mwenyewe ndiye aliyempakulia Wachira.