Nani Kaiona Chumvi Ikipotea?

Ninaikumbuka siku ile, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka mpaka leo, mimi bibi kizee nisiye na jino la kutafunia karanga. Usiniambie nitulie. Jana nimepita nyuma ya darasa lako nikasikia watoto wanaimba, "Maji ni kimiminika, jiwe ni yabisi, hewa ni gesi," wewe unagonga rula mezani, wao wanaimba tena. Nikachungulia dirishani. Humo ndani hamkuwa na hata kikombe cha maji! Nikajiuliza, hivi huyu mjukuu wangu ndiye aliyekwenda kusomea ualimu? Basi kaa hapo unisikilize. Chai yako ikipoa na ipoe.

Zama za Mdachi nilikuwa msichana mdogo, nasoma shule ya misheni huku huku Mpwapwa. Wasichana tulikuwa wachache, tumekaa nyuma karibu na mlango, wavulana mbele. Mwalimu wetu wa kwanza alitufundisha kwa kitabu na fimbo. Kitabu kilisema, chumvi ikitiwa majini hupotea. Nasi tukaimba: hupotea, hupotea, hupotea. Ukikosea neno moja unachapwa. Ukiuliza ndiyo kabisa.

Akaja mwalimu mwingine, kijana kutoka upande wa Tanga, jina lake Nehemia. Mrefu, mwembamba, ana kicheko cha kuambukiza watu wote. Siku ya kwanza ya somo lile akaingia na donge la chumvi na kibuyu cha maji. Akatuonjesha chumvi, akaitia kibuyuni, akakoroga. "Iko wapi?"

Tukaitikia kwa sauti moja, "Imepotea!"

"Nani kaiona ikipotea?"

Mwanangu, hatukuwa tumewahi kuulizwa swali la namna ile. Akapitisha kibuyu, kila mtu akapiga funda. Maji yalikuwa ya chumvi mpaka ukakunja uso. "Haya," akasema, "mwizi hajatoka nyumbani. Mtoeni."

Basi likawa darasa la ubishi. Mmoja akasema tuyachuje kwa kitambaa. Tukachuja, tukaonja, chumvi imo. Mwingine akasema tuyaache yatulie, chumvi itakaa chini kama tope. Tukayaacha mpaka kesho yake, tukaonja juu, tukaonja chini, chumvi imo kote. Mwalimu hakutuambia kitu. Alikuwa anauliza tu, "Mmeonaje?" Mimi nilikuwa najua, maana mama yangu na wanawake wenzake wakati wa kiangazi walikuwa wakikwangua udongo mweupe mbugani, wanaumiminia maji, wanayachuja, kisha wanayachemsha chunguni mpaka chumvi inabaki. Nikanyoosha mkono. Mwalimu akajiwekea kidole mdomoni. "Usituambie, binti. Tuonyeshe."

Nikaleta chungu. Tukapanga mafiga uwanjani, juu ya mwamba ule bapa uliokuwa mbele ya shule, tukawasha kuni. Hapo ndipo kosa lake lilipoingia, kama kweli ni kosa. Yeye mgeni, hakujua kwamba huku kwetu chungu cha chumvi ni cha wanawake. Mwanamume hakigusi, hakikorogi, hata kukaa karibu nacho anaona aibu. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, wavulana hawakubali." Akacheka. "Kwani wavulana hawali mlenda wenye chumvi?" Akachukua mwiko akakoroga mwenyewe, mwanamume mzima na suruali yake! Wavulana wakaanza kucheka, halafu wakasogea, halafu wakagombea mwiko.

Aliyesogea zaidi ni Ndahani, mtoto wa mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi. Akili yake ilikuwa haikai. Alisema chumvi itapanda na mvuke. Mwalimu akamwuliza, "Utajuaje?" Akafikiri, akachukua kifuniko, akakikinga juu ya chungu mpaka kikatoka matone, akayalamba. Akatutazama macho yamemtoka pima. "Ni maji matupu! Hayana chumvi!" Alikimbia uwanja mzima na kile kifuniko, kila mtu alambe. Mimi nimezaa, nimezika, nimeuona uhuru unakuja, lakini furaha ya mtoto yule na kifuniko chake sijaisahau.

Basi habari ikafika nyumbani. Wazee wakasema, mwalimu huyu anawafanya watoto wetu wa kiume wanawake. Baba yake Ndahani ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Na badala ya kwenda kwa mwalimu wakasemezana kama watu wazima, wakaenda kwa akida. Akida unamjua? Alikuwa mtu mweusi kama sisi, amewekwa na Mdachi atutawale, na akisema mtu alale chini apigwe, analala. Na misheni isingethubutu kumweka mwalimu aliyekataliwa na boma la Mdachi. Kwa hiyo Mwalimu Nehemia alikuwa anangoja mambo mawili tu: aachwe afundishe, au apigwe afukuzwe.

Akida akaja na askari wake wawili, jua la mchana limewaka. Watu wakaitwa, wazazi wakasimama upande mmoja, sisi upande mwingine. Siku hiyo tulikuwa tumekirudisha chungu motoni, kinachemka pale mwambani, maji yamebaki kidogo, mazito. Akida akakitazama kama katapikiwa.

"Hii ndiyo shule? Mnapika?"

Mwalimu akasema kwa adabu, "Bwana Akida, waulize watoto wenyewe."

Akamwita Ndahani. Masikini mtoto wa watu! Baba yake anamtazama huku, askari na kiboko chake huku.

"Wewe. Chumvi ikitiwa majini inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Bwana Akida. Imo humo humo."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema hupotea." Akakionyesha chungu kwa kidole. "Lakini tumeionja."

Akida akageuka kwa wazee. "Mnasikia? Mtoto anabishana na kitabu. Kesho atabishana na mimi. Keshokutwa na serikali." Kisha akakisukuma kile chungu kwa buti, kikapinduka, kikapasuka, maji yakatapakaa mwambani. "Haya! Nionyesheni sasa hiyo chumvi yenu."

Chungu cha mama yangu kile! Nikapiga ukelele. Mama akanidaka, akaniziba mdomo kwa kiganja.

Akida akaanza kuhutubia. Alipenda kujisikia. Akasema juu ya utii, juu ya kazi, juu ya wageni wanaoharibu watoto wa watu. Na mwamba ule, mwanangu, kwa jua letu la kiangazi hukanyagi bila kuruka. Yeye anasema, maji yanakauka. Yakakauka pembeni, yakakauka katikati, na palipokauka pakawa peupe. Hotuba haijaisha, mbuzi wa jirani wakaja mmoja mmoja, wakapita katikati ya miguu ya askari, wakaanza kulamba jiwe. Askari mmoja akauma mdomo asicheke.

Baba yake Ndahani akasogea. Mfugaji yule, anajua mbuzi hulamba nini. Akainama, akapitisha kidole mwambani, akakitia mdomoni. Sote tulimwona. Akida naye alimwona, akaikatiza hotuba yake.

"Mzee, umeonja nini?"

Mwanangu, neno moja tu lilitakiwa pale. Mtu mwenye heshima yake, mwenye ng'ombe wake, ambaye hata akida asingemgusa ovyo. Neno moja! Ndahani alikuwa anamtazama baba yake mdomo wazi. Yule mzee akafuta kidole kwenye shuka lake, akasema, "Vumbi, Bwana."

Vumbi! Na wazee wengine wote, waliowaona mbuzi, wenye macho na pua na ndimi zao, wakatazama chini. Chumvi imejaa mwambani, nyeupe, na kijiji kizima kinasema vumbi. Nimemsamehe akida, yeye alikuwa akida. Wale wazee sijawasamehe, na wote wamekwisha kufa.

Mwalimu Nehemia akalazwa pale pale uwanjani, akapigwa kile kipigo walichokiita hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Sitakusimulia. Alipoinuka, askari wakamwambia afungashe aondoke kabla jua halijatua. Akatafuta kofia yake. Akatujia tuliposimama tunalia, shati limemgandia mgongoni, na mimi nilidhani atatuaga, au atatuombea, au atamlaani mtu. Akatazama ule mwamba mkavu.

"Chumvi mmeipata," akasema. "Na maji, je? Yamekwenda wapi?"

Askari akamsukuma. Akashika njia ya pwani. Na sisi, mwanangu, tulifuta machozi tukaanza kubishana pale pale. Ndahani akasema yamenywewa na jiwe, mimi nikasema yamepanda, kumbuka kifuniko chako. Tulibishana mpaka mama zetu wakaja kutuvuta kwa masikio. Kitabu kikarudi, mwalimu wa fimbo akarudi, midomo yetu ikaimba tena hupotea. Midomo tu.

Sasa wewe hakuna akida anayekusimamia. Hakuna kiboko. Kibuyu cha maji hakikutoi jasho, chumvi iko jikoni kwangu hapo, barafu wanauza dukani, jua la bure limejaa Dodoma nzima. Una kisingizio gani? Nakusihi, na nakugombeza pia: usimwambie mtoto jambo ambalo mkono wake unaweza kumwambia. Akikuuliza, mpe kitu ashike. Akikosea, mwulize atajuaje. Wavulana na wasichana wote wakoroge. Na siku mtoto ataonja ukweli akautaja mbele ya wakubwa, wewe ndiye mkubwa wa kwanza kusema, "Kweli, nami nimeonja." Usije ukafuta kidole.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe maisha marefu na mgongo usioinama kwa mtu. Akubariki kwa darasa lenye kelele na sakafu iliyolowa, na akujalie watoto wabishi, wakubishie mpaka ushindwe.