Jogoo wa Mbao za Masanduku

Mtu anayechagua takataka kwa uangalifu ana lake jambo. Hilo ndilo lililomjia Bi Futi siku ya kwanza alipomwona yule fundi amechuchumaa nyuma ya duka lake la mbao, pale zinapotupwa mbao za masanduku ya mizigo: nyepesi, zenye macho ya vifundo, zilizopinda. Anainua ubao, anautazama kwenye ncha, anaugonga kwa kidole, anauweka kando. Wa pili anaugonga, anaurudisha. Mbao nzuri zilizopangwa mbele hata hakuziangalia.

Bi Futi alianza kwa kuuza kuni za mabaki hadi akamiliki uwanja mzima wa mbao, na jina alilipata kwa sababu hakuamini kipimo cha mtu yeyote ila cha mkono wake.

"Hizo zimepanda bei," alimwambia.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipoanza kuzipapasa."

Fundi akacheka, akalipa, akajitwisha mzigo wake. Hapo ndipo shaka ya Bi Futi ilipokaa kitako. Mteja asiyelalamika anajua kitu.

Habari alizipata kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyeendesha msumeno wa duka na kujua mambo ya watu wote. Fundi huyo aliitwa Sugu. Miaka kumi na mmoja alichonga miguu ya vitanda katika karakana, hadi mwenye karakana aliponunua mashine. Sasa alichonga sanamu za kupamba nyua, kwenye baraza ya chumba alichopanga, na mkewe alikuwa akitoa vibanzi kwenye sufuria kila mlo. Mwenye nyumba alikwisha kumwambia: mwaka ukiisha, ama makelele yahame, ama mpangaji.

"Anatafuta pa kufanyia kazi, shemeji. Asipopata anarudi kubeba magunia. Na banda letu la nyuma analitazama kama mchumba."

"Kumbe! Nilijua tu hakufuata mbao."

Mwingine angemfukuza. Bi Futi alimwita wapatane. Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua mshindani mwenye bango kubwa, naye Bi Futi alitaka kitu langoni cha kuyavuta macho. Sugu achonge jogoo mrefu kumpita mtu, kwa mbao zilezile za masanduku. Jogoo akinyeshewa mvua zote, kisha akapigwa na jua mwezi mmoja bila kupasuka, banda ni la Sugu miaka miwili bila kodi. Akipasuka, jogoo anabaki, Sugu anaondoka.

Mbao hizo Bi Futi alizijua: hazijawahi kumaliza msimu bila ufa. Alikuwa amejipatia sanamu ya bure.

"Nimekubali," Sugu alisema, haraka mno. Bi Futi hakupenda haraka ile.

Kazi ikafanyika uani kwa Bi Futi, naye akawa hapumziki mchana. Kila baada ya muda alipita na kisingizio mkononi, mara ufagio, mara kikombe. Alimwona Sugu akipasua mbao kuwa vipande vyembamba, kila kimoja akikigeuza kinyume cha mwenzake ili mapindo yavutane, akivipaka gundi na kuvikaza kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Kesho yake akaingia kwa tezo, keshokutwa kwa patasi. Kifua kikatokea, kisha shingo, kisha mkia wa mbao tano zilizopishana. Kazi ilikuwa nzuri, na hilo lilimtia wasiwasi zaidi. Siku moja akamgonga jogoo tumboni. Likalia ndu!

"Wewe baba, umenichongea jogoo au ngoma?"

"Ni mtupu ndani, mama. Mbao ikijaa, nje inakauka upesi, moyo unachelewa, ndiyo inapasuka."

"Na vipande vya tumboni viko wapi? Kwako?"

"Havikuwahi kuwapo."

"Na hili?" Alikuwa amepiga magoti, kidole kimezama katika tundu katikati ya miguu ya jogoo.

"Anapumulia. Maji yakiingia kwa juu, yatokee hapo."

"Jogoo wa mbao anapumua!" shemeji alidakia kutoka kwenye msumeno. "Mpeni na mahindi basi!"

Bi Futi hakucheka. Alilitazama tundu lile hadi akaona alichokuwa akikitafuta: mlango wa mchwa. Fundi ameuacha kusudi. Atakaa bandani miaka miwili, huku jogoo analiwa taratibu, halafu aitwe kumtengeneza, na safari hiyo kwa bei yake. Ujanja huo aliujua. Yeye mwenyewe alipouza milango zamani, aliuza na bawaba za kukatika.

Sugu alipomaliza na kwenda kwake, Bi Futi alichanganya gundi na unga wa msumeno, akaliziba tundu, akalisugua hadi likalingana na mbao. Hakumwambia mtu.

Mvua zikaja, jogoo akasimama imara. Watu walisimama langoni kumshangaa, na wawili waliulizia fundi. Kisha jua likatoka. Siku ya tisa, saa sita mchana, wote dukani walisikia mlio kama kofi. Ufa ulikuwa umeanzia kifuani ukapita chini ya bawa, mpana wa kuingiza sarafu.

Sugu alifika jioni.

"Makubaliano ni makubaliano," Bi Futi alimpokea nayo kabla ya salamu.

Sugu alilala chali chini ya jogoo, akakwangua kwa ncha ya patasi. Kikatoka kizibo chekundu, na nyuma yake maji machafu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Unga wa mninga," alisema. "Mimi mninga sina uwezo nao, mama."

Shemeji akainama kutazama. "Ah! Shemeji, si ndio ule ulionichotesha, ukasema wa kukaushia mafuta sakafuni?"

Bi Futi alimtazama shemeji yake kwa jicho la kumfuta kazi, kisha akageuka.

"Unataka nini?"

"Banda."

"Utalipata. Lakini mtu akiuliza ufa umetoka wapi, umetoka kwako."

Sugu alielewa. Muuza mbao asiyeijua mbao atauza nini? Akautazama ufa, patasi mkononi, muda mrefu kuliko alioutumia kukubali mara ya kwanza.

"Miaka mitatu," alisema.

"Miwili na nusu."

"Mitatu, mama. Jina langu ndilo linalopasuka hapo."

Wakapeana mikono kwa mitatu. Mke wa Sugu akaacha kutoa vibanzi kwenye sufuria. Lakini wale wawili waliomuulizia fundi waliuona ufa, wakaenda kuagiza kwingine, na mwaka mzima wa kwanza Sugu alichonga miiko na vipini vya majembe ndani ya banda zuri. Jogoo alizibwa ufa kwa ukanda mwembamba wa mbao, akabaki langoni akivuta wateja wa Bi Futi. Naye Bi Futi, kila anapomwona Sugu akizungumza na mteja, huchukua ufagio na kwenda kufagia karibu nao.