Shemeji Yangu na Babu wa Mlango

Zamani mtoto akirudi kutoka shuleni aliulizwa leo amefundishwa nini. Siku hizi anaulizwa amekuwa wa ngapi.

Shemeji yangu alikuwa mwalimu wa enzi ya swali la kwanza. Alikuwa mke wa kaka yangu, na kaka alipofariki aliendelea kuwa shemeji yangu, maana ushemeji hauzikwi pamoja na mtu. Alifundisha chekechea maisha yake yote katika shule moja, darasa moja, lile lenye madirisha ya chini. Mimi nilishona nguo ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza kinachotazamana na shule. Sare za watoto wale nilizishona mimi, hadi zilipoanza kuja kutoka kiwandani ndani ya mifuko ya plastiki, mikono ya shati mirefu kuliko mikono ya mtoto. Hilo tuliache.

Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene isiyolingana na kimo chake. Kaka alikuwa akisema yeye hakuoa mke, alioa redio. Darasani hakupiga meza wala kengele. Aliketi sakafuni na kunyamaza tu, na watoto, ambao hawawezi kumwona mtu mzima ameketi chini wasitake kujua kuna nini, walimzunguka wenyewe.

Kila mwaka aliwafundisha habari za mtu mmoja ambaye wengi leo wanalijua jina lake kwa sababu ni jina la barabara. Alikuwa mpagazi wa stesheni. Wakati wake, ofisi zote za mji zilikuwa na milango miwili: wa mbele kwa wakubwa, wa nyuma kwa wapagazi, madobi na wafagiaji. Asubuhi moja mpagazi huyu alikwenda posta kununua stempu, akasimama mlango wa mbele. Wakamfukuza. Kesho yake akarudi, akaketi kizingitini, kofia juu ya goti. Walimfunga, akatoka, akarudi kuketi. Siku zilivyokwenda wakaja na wengine kuketi naye, mpaka ngazi zikajaa. Shemeji hakuwapa watoto tarehe wala majina ya vyama. Alimwita Babu wa Mlango.

Nilimwambia mara nyingi kwamba anapoteza muda. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Mengine niliyaokota kwenye vitabu vya mitumba na magazeti ya kufungia vitu, na habari za haki za watu nilizielewa nikiwa na mvi. Nikamuuliza, mtoto ambaye bado anavaa viatu kinyume atayaelewa wapi?

"Shemeji," akaniambia, "mtoto wa miaka mitano anajua haki kuliko hakimu. Mkatie mwenzake kipande kikubwa cha mkate, uone kesi itakavyonguruma."

Na alikuwa na namna yake. Alichukua boksi kubwa la friji, akalitoboa matundu mawili, moja refu na moja la chini. Kwangu aliomba vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye mkasi. Aliwafunga baadhi ya watoto vitambaa mkononi bila kuchagua, akasema wenye vitambaa wapite tundu la chini, wengine la juu. Watoto walicheka mwanzoni. Mzunguko wa pili, wenye vitambaa walikuwa wamenuna. Wa tatu, lazima mmoja wa wale wa tundu la juu aanze kulia, au akatae kupita, au avue kitambaa cha rafiki yake kwa meno. Hapo ndipo alipolisukuma boksi pembeni, akaketi chini na kuanza hadithi.

Mwisho wa hadithi hakuwaficha. Wakiuliza Babu yuko wapi, alisema amekufa. Wakiuliza kama aliumwa, alisema hapana, alipigwa. Kisha akawaambia kwamba alipozikwa, mlango wa mbele ulikuwa wazi, na waliombeba waliupita wakiwa wima. Aliniambia watoto huuliza kwanza aliumia wapi, na wakubwa huuliza alipata faida gani, na kwamba ndiyo maana yeye hakuomba kamwe kuhamishwa kwenda madarasa ya juu.

Mwenye shule, mama aliyeianzisha, alimwachia afanye atakavyo. Mama huyo alipofariki, shule ikarithiwa na mwanawe, kijana wa tai na manukato tuliyemwita Meneja. Meneja alikuwa amepita mikononi mwa shemeji, akipangusiwa makamasi kama wenzake. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wahenga hawakukutana na Meneja.

Akapaka rangi, akaweka viyoyozi, akapandisha ada. Kisha akajenga lango jipya la mbele, pana, la wazazi wenye magari. Watoto wa ufadhili, ambao wengi wao mama zao walikuwa wafua nguo wa hospitali, akaamuru wapitie lango la nyuma, karibu na jiko, penye mapipa ya taka. Alisema ni kwa ajili ya usalama na foleni. Siku hizi kila jambo la aibu lina sababu ya usalama.

Mwaka huo darasani kwa shemeji kulikuwa na msichana wa lango la mbele aliyeitwa Kibonge, kwa sababu alikuwa kibonge, na rafiki yake wa lango la nyuma, kadogo sana, aliyeitwa Nukta. Walikuwa chanda na pete. Somo la Babu wa Mlango lilipopita, haikuchukua muda. Asubuhi moja Kibonge alishuka kwenye gari la baba yake, akalitazama lango la mbele, akageuka. Alizunguka ukuta mbio, begi likimpiga matakoni, akaenda kujipanga nyuma na Nukta. Kesho yake wakamfuata wawili. Kabla ya wiki kwisha, darasa zima la chekechea lilikuwa limepanga mstari kwenye mapipa ya taka, wenye nacho na wasio nacho, wameshikana mikono kama alivyowafundisha kuvuka barabara.

Hakuna aliyewaagiza. Niliona kwa macho yangu. Mlinzi wa lango la mbele alivuka kuja kwangu akicheka, akasema siku hizi anafungulia upepo.

Shemeji alikuja kibarazani jioni ile. Sijawahi kumwona na furaha kama ile tangu kaka alipokuwa hai. Alichukua glasi yangu ya maji akanywa bila kuomba, akasema, "Umeona?" Nikamwambia nimeona, na awaonye mapema, maana Meneja naye ana macho. Akaniambia ninazeeka vibaya.

Wazazi walilalamika. Mmoja alisema viatu vya mwanawe vimeingia maji machafu. Mwingine alisema hakulipa ada ile ili mtoto apite jikoni kama mboga. Meneja akamwita shemeji ofisini. Aliyonieleza baadaye ni kwamba hakumfokea. Alimpa kiti, akamwambia hawezi kumfukuza kwa sababu wazazi wanampenda. Ila mistari isiporudi kama ilivyopangwa ifikapo Jumatatu, ufadhili utafutwa, na watoto wa nyuma watafute shule nyingine. Tena atakayewaambia watoto ni yeye mwenyewe, kwa kuwa hawamsikii mwingine.

Shemeji akamkumbusha kwamba yeye Meneja, mwaka wake, ndiye aliyelia kwenye tundu la juu.

"Nakumbuka, Mwalimu," akajibu. "Tulikuwa watoto."

Alinisimulia hayo akiwa amesimama, ameshika nguzo ya kibaraza. Nilikuwa napinda suruali ya mtu, nikaiacha. Nilimwambia akatae. Nilisema maneno makali, kwamba haiwezekani mtu afundishe jambo miaka yote halafu akatae kulishika siku linapomwangukia. Nikamuuliza Babu wa Mlango angekubali?

"Babu alikuwa na watu wazima nyuma yake," akasema. "Walijua wanachokitafuta, wakakilipia wenyewe. Mimi nina watoto kumi na wanne wa mapipa, hata kufunga kamba za viatu hawajui. Nikikataa mimi, wanalipa wao. Hiyo ni haki gani, shemeji?"

Niliiokota ile suruali, nikaendelea kuipinda.

Jumatatu alifika kabla ya watoto, akasimama lango la nyuma. Nilivuka barabara, sikuweza kukaa kwenye cherehani. Walipokusanyika alipiga magoti kwenye tope, sauti yake nene ikawa ndogo. Aliwaambia kuanzia leo kila mtu apitie lango alilopangiwa. Alisema ni vizuri hivyo, magari yasije yakawagonga. Watoto walimtazama, wakingoja aendelee, kama mtu angojavyo nusu ya pili ya hadithi.

Kibonge akauliza, "Kwa hiyo Babu alikosea?"

Shemeji akamtengeneza mtoto kola, ingawa kola ilikuwa sawa.

"Nenda, mama," akasema. "Lango lako ni lile."

Naye akaenda. Laiti angelia, au angegoma. Mtoto humwamini mwalimu wake. Alimwachia Nukta mkono, akazunguka ukuta, na wenzake wa mbele wakamfuata mmoja mmoja. Nukta aliufuta mkono wake kwenye sketi, akaingia.

Ufadhili haukufutwa. Meneja alimpelekea shemeji keki. Aliigawa darasani vipande sawa, yeye hakuonja.

Nilidhani ameshayameza, maana aliendelea kuja kazini, na kunitania aliendelea, kwamba nimebaki fundi wa viraka. Kilichomwondoa hakikuwa Meneja. Kilikuwa mchezo. Wakati wa mapumziko watoto walianza kucheza lango uwanjani, wenyewe, kwa viti viwili. Mmoja anasimama katikati kuamua nani apite huku, nani kule. Mlinzi ndiye aliyeniambia kwanza, akicheka. Shemeji aliponiambia hakucheka. Alisema wanagombania nafasi, kila mmoja anataka kuwa yule anayesimama katikati. Na siku moja aliyepata nafasi hiyo alikuwa Nukta, akampeleka Kibonge nyuma, na darasa zima likapiga makofi.

"Nilikuwa nawafundisha kupita," akaniambia. "Nimewafundisha kuzuia."

Nikamwambia watoto husahau. Akasema yeye ndiye shahidi kwamba sivyo, amefundisha miaka yote kwa kutegemea kwamba hawasahau.

Aliandika barua ya kuacha kazi muhula ulipokuwa ukiisha. Alikwenda kuishi kwa binti yake, mji wa mbali, na kabla mwaka haujageuka tukapigiwa simu. Nilishona sanda yake mimi mwenyewe. Cherehani za kiwandani bado hazijafika huko.

Mara ya mwisho kumwona pamoja na watoto wake ilikuwa siku ile ya kufunga shule. Walitolewa kwa mistari miwili, mmoja ukaelekea kwenye magari, mwingine ukaelekea jikoni. Yeye alisimama kwenye kona ya ukuta, mahali ambapo ukiwaangalia wa huku unawapa mgongo wa kule. Watoto hawakujua kwamba ni kwaheri ya moja kwa moja, walimpungia kama kila siku na kumwita, "Mwalimu Bibi!", pande zote mbili kwa pamoja. Akawa anageuka. Anawapungia hawa, anageuka, anawapungia wale, anageuka tena, mwanamke wa umri ule, kanga ikimteleza begani, mpaka magari yakaisha upande mmoja, na upande wa pili mama zao wakawachukua.