Papa Katika Sahani ya Tahera

Mwanamkasi binti Uweso alikuwa msusi wa mikeka, na mikeka yake ilikuwa mizuri, lakini si mikeka iliyompa jina mtaani kwetu Ngamiani. Jina alilipata kwa kutoa. Mtu akija na jambo lililomchanganya, Mwanamkasi alimkalisha, akachukua kokwa za tende, akazipanga juu ya mkeka safu kwa safu, kisha akaanza kuziondoa moja moja huku akisema, "Huyu hawezi kuwa. Mtoe." Kokwa iliyobaki ndiyo jibu. Sisi wengine tulikisia na kusingizia watu, yeye alitoa.

Siku moja baada ya maulidi, wanaume watatu walirudi nyumbani na makubadhi yasiyo yao, na nusura wakamatane makoo. Mwanamkasi aliwauliza nani alitoka kwanza, nani ana mguu uliovimba, nani alivua mlangoni na nani alivua uani. Akapanga, akatoa. Kila mmoja alirudishiwa makubadhi yake, na mmoja alirudishiwa na aibu juu yake, maana alikuwa amechagua mapya kwa kusudi. Mimi Kijakazi, jirani yake ukuta kwa ukuta, nilimwambia, "Kadhi ana kazi gani hapa Tanga weye ukiwapo?"

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulipangia kokwa hata siku moja, nalo ni ugomvi wake na dada yake, Saleha. Mama yao alifariki Tongoni katika masika makubwa. Saleha alikuwa Pangani, njia imeliwa na maji, na wazee wakaamua maiti haiwezi kungoja. Alifika udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi, akamgeukia mdogo wake mbele ya watu na kumwambia, "Umemzika mama yangu kama paka." Maneno yale yalimkaa Mwanamkasi kooni. Ramadhani iliyofuata Saleha akamletea bakuli la futari, na Mwanamkasi akalirudisha lilivyokuja, kifuniko juu, hata kijiko hakikugusa. Kwetu sisi hilo ni zaidi ya kofi. Tangu hapo wakawa hawasemezani, ingawa Saleha alikuwa amehamia Tanga na kupanga chumba uani kwa Kutbuddin, mwenye duka ng'ambo ya barabara yetu. Wakipishana, kila mmoja alitazama ukuta, kana kwamba kuta za Ngamiani zina cha kutazamwa.

Basi mwaka wa hamsini na tano, katika mwezi wa Ramadhani, habari ikaenea kuwa Saleha amefunga mizigo. Mwanawe anamchukua akae naye Mombasa, na basi ni kesho asubuhi. Mtu wa umri ule akishavuka mpaka wa Horohoro, nani atamrudisha? Mimi ndiye niliyempelekea Mwanamkasi habari ile. "Mungu amfikishe salama," akasema, akaendelea kusuka ukili wake. Nikamtazama vidole. Alikuwa amekosea kupishanisha, ikambidi afumue.

Jioni yake nilikwenda kwake kuomba kiberiti. Magharibi ilikwisha swaliwa, watu wamefuturu. Nilimkuta amekaa na mumewe, mzee Shekhe, ambaye macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, akiona kivuli tu. Mbele yao palikuwa na vyombo vinne vilivyoletwa na majirani. Ramadhani kwetu hakuna anayekula chungu chake peke yake. Vyakula hutembea nyumba kwa nyumba, na chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kwa hiyo ni lazima ujue kila chombo ni cha nani. Mwanamkasi alikuwa amekwenda kumtazama mwanamke aliyejifungua, mchana kutwa, aliporudi akavikuta vimepangwa barazani, na aliyevipokea ni Shekhe.

"Tahera leo kajitahidi," alisema Shekhe huku akitafuna, maana mkewe alikuwa amemtajia sahani ni ya nani. "Mihogo ya nazi, na papa ndani yake."

Mkono wa Mwanamkasi ulisimama hewani. "Papa?"

"Papa. Macho sina, ulimi ninao."

Mwanamkasi akaivuta sahani, ile ya maua mekundu ambayo mtaa mzima ulijua ni ya Tahera, mke wa Kutbuddin. Akaonja. Alikuwa papa kweli. Akaniangalia, nami nikamwangalia, maana sote tulijua. Kutbuddin na watu wake ni Mabohora, Waislamu wa Kihindi, na Mabohora hawali samaki asiye na magamba. Dukani kwake utapata kila kitu, lakini papa hata harufu yake huisikii. Sasa papa huyu ameingiaje katika sahani ya Tahera?

"Kijakazi, kaa," akasema. Nikajua kiberiti nimekikosa.

Akachukua kokwa za tende za futari ile ile, akazipanga safu nne, kila safu kokwa nne. "Huku ubavuni ni vyombo," akasema. "Bakuli jeupe la tambi, bakuli la bati la ndizi mbichi, sufuria ya viazi, na sahani hii. Huku juu ni nyumba zinazoniletea: kwako, kwa Zubeiri, kwa Tahera, kwa Anjela. Weye ulileta nini?"

"Tambi. Na bakuli langu jeupe unalijua."

Katika safu ya bakuli jeupe akaacha kokwa moja tu, ile ya chini ya nyumba yangu. Kisha akaondoa kokwa zangu zote katika safu nyingine. "Weye una chako. Huna haki katika vyombo vya wenzio." Akanitazama tena. "Anjela umemwona leo?"

Anjela alikuwa muuguzi, Mkristo wa Muheza, na kila Ramadhani alituletea chakula kama ndugu. "Nimemwona asubuhi stendi na kikapu chake," nikasema. "Amekwenda kwao, kaka yake Timotheo anaoa. Mlango wake una kufuli."

"Basi hakupika. Mtoe." Kokwa zote za Anjela zikaondoka.

"Ala!" nikasema. "Vyombo vinne, nyumba tatu."

Akamgeukia mumewe. "Bwana Shekhe, waliokuja walikwambiaje?"

"Walikuja, wakaweka, wakaenda zao. Mie polisi?"

"Fikiri, mume wangu."

Shekhe akafikiri, shingo upande. Alisema mmoja alikuwa mtoto, akamwamkia shikamoo babu, lakini nusu ya shikamoo ikaishia katika kikohozi, na chombo chake kilipogusa saruji kililia kwaa. Hapo sikuhitaji kokwa. Mtoto wa Zubeiri alikuwa na kifaduro, na chombo kinacholia kwaa ni bati. Mwanamkasi akaiacha kokwa moja katika safu ya bati, chini ya nyumba ya Zubeiri, nyingine za Zubeiri akazitoa.

"Mwingine alikuwa mwanamke," akaendelea Shekhe. "Bangili zake zililia mkono mzima, na hicho chombo kiliniunguza kidole. Akaniomba radhi kwa sauti ndogo, ya kigeni kidogo."

"Noorjehan," nikasema. Alikuwa mke wa mtoto wa Tahera, bi harusi wa juzi juzi kutoka Mombasa, na bangili za gilasi zilimjaa mpaka karibu na kiwiko. Chombo cha kuunguza ni sufuria. Viazi vilivyokuwamo vilinuka bizari ya Kihindi tangu mlangoni.

"Sufuria ni ya nyumba ya Tahera," akasema Mwanamkasi. Akatoa, akatoa, mpaka safu ya sahani ikabaki mkeka mtupu.

Sikuweza kunyamaza. "Shoga, mbona unajisumbua? Tahera kaleta vyombo viwili. Kuna dhambi?"

"Vingekuwa vyote viwili ni viazi, sawa. Lakini papa hakupikwa kwa Tahera. Sahani imetoka kwake, chakula hakikutoka kwake." Akamwuliza Shekhe, "Na aliyeleta sahani?"

"Huyo hana adabu. Hakuniamkia, hakusema hata neno. Nilisikia mchakacho wa kanga, basi."

Mwanamkasi akachukua kokwa moja katika zile alizokwisha kuzitoa. Miaka yote niliyomjua alikuwa akiondoa tu. Siku ile nilimwona akiongeza. Hakuiweka chini. Aliifumbata.

"Mtoto angeamkia," akasema polepole. "Huyu ni mtu mzima, na hakutaka sauti yake ijulikane. Anapata sahani ya Tahera bila kuulizwa. Anapika kwa papa. Na chakula chake amekitia katika chombo cha mtu mwingine. Kwa nini mtu afiche chombo chake, Kijakazi? Mwenye kuleta futari hutaka ajulikane, arudishiwe. Anayeficha chombo anaogopa kisije kikarudi kilivyokwenda. Na mie nimerudisha chakula cha mtu mmoja tu tangu nizaliwe."

Hatukumtaja. Hata Shekhe aliacha kutafuna.

Nilidhani atainuka pale pale. Hakuinuka. Alikaa na kokwa mkononi, akaanza kutafuta pa kukosea. Labda Tahera ana mgeni. Labda mpishi wao mpya hajui miiko yao. Labda Shekhe hakusikia vizuri. "Nikimpelekea Saleha sahani hii naye hana habari nayo," akasema, "atasema nimekwenda kumcheka siku ya kuondoka kwake. Hapo ndipo tutakuwa tumezikana kweli."

"Weye hukosei!"

"Katika makubadhi ya watu sikosei."

Nilipandwa na hasira, siwafichi. Nilimwambia kuwa kesho jua likipanda dada yake yuko njiani, naye atabaki hapa na kokwa zake akizipanga mpaka ziote. Nikamwambia kuwa kurudisha bakuli kulimchukua dakika moja, basi kukosea nako kumchukue dakika moja. Labda nilisema na mengine. Shekhe alisema, "Kijakazi, taratibu," lakini kwa sauti ya mtu anayetaka niendelee.

Mwanamkasi akainuka. Akaiosha sahani, akaipangusa, akaijaza kaimati alizokuwa amezichoma jioni ile, akaifunika kwa kawa. Tukavuka barabara, tukazunguka kwa nyuma mpaka uani kwa Kutbuddin. Pale mlangoni hodi ilimshinda, nikaipiga mimi.

Saleha alikuwa amekaa juu ya sanduku lililokwisha fungwa kamba. Alimwona mdogo wake, kisha akaiona sahani.

"Shikamoo, dada," alisema Mwanamkasi.

"Marahaba. Sahani hiyo ya Tahera. Umekosea mlango."

Nikangoja Mwanamkasi ageuke aondoke, na kama angegeuka nisingemlaumu.

"Sahani ya Tahera," akasema Mwanamkasi. "Mihogo yako."

Saleha akamwuliza, "Umekula?"

"Nimekula, dada. Sikuirudisha."

Saleha akaipokea sahani, akaondoa kawa. Akachukua kaimati moja, akaitafuna taratibu, machozi yakimlengalenga. "Mwaka huu hukutia hiliki," akasema. "Za mwaka jana ulitia."

Mwanamkasi hakuelewa. "Za mwaka jana nilimpelekea Tahera."

"Ndiyo. Na mihogo ya mwaka jana nani alikuletea? Na ya mwaka juzi?"

"Tahera."

"Tahera!" Saleha akacheka na kulia kwa pamoja. "Tahera hajui hata kumenya muhogo."

Akatueleza. Tangu Ramadhani iliyofuata ile ya bakuli kurudishwa, yeye ndiye aliyekuwa akipika, bila papa ili asijulikane, na Tahera akimpa sahani na mtu wa kuipeleka. Sahani iliporudi imejaa, Tahera alimkabidhi Saleha kwa mlango wa uani, haijaguswa. Mwaka huu bi harusi hakuambiwa, akapeleka viazi vyake kwa nia njema. Na papa wa leo, Saleha alimtia kwa kusudi, akaibeba sahani mwenyewe. "Nilisema nikiondoka hajajua, hatajua tena," akasema.

Mwanamkasi alikaa chini sakafuni, karibu na miguu ya dada yake. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa.

"Miaka yote hii, dada, mie nilikuwa nikimshukuru Tahera."

"Najua," akasema Saleha. "Na shukrani zako alikuwa akiniletea."